Ng'ombe hawa, alama sifuri: namna ya kuipima programu inayowapima wanafunzi

Swali lilikuwa jepesi: andika wingi wa "ng'ombe huyu". Wanafunzi 38 walilijibu kwenye simu na vishikwambi, programu ikasahihisha papo hapo, na kabla sijarudi mezani kwangu ripoti ilikuwa imeshafika: 17 wamepata, 21 wamekosa. Zaidi ya nusu ya darasa haijui umoja na wingi! Nilikuwa nimeshaanza kupanga kipindi cha kurudia ngeli ya A-WA, nikaingiwa na shaka, nikafungua majibu yenyewe moja baada ya jingine.

Wengi wa hao 21 walikuwa wameandika "ng'ombe hawa". Kuna ambao simu iliwawekea herufi kubwa mwanzoni. Kuna walioweka nukta mwishoni, kama tunavyowasisitizia kila siku. Na kundi kubwa kuliko yote liliponzwa na ritifaa, kile kialama cha katikati ya ng'. Mimi nilikuwa nimeweka kilichonyooka ('), simu zao ziliweka kilichopinda (’). Kwa jicho la mtu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti, kila moja ina namba yake, na tofauti yao ni sawa tu na ile ya "b" na "d".

Programu haikuwa mbovu. Ilifanya kazi iliyopangiwa, yaani kulinganisha mfuatano wa herufi na mfuatano mwingine. Mzembe nilikuwa mimi, niliyeichagua kwa sababu ilikuwa na rangi za kupendeza na wanafunzi waliishangilia, wala sikuiuliza inasahihishaje.

Shida hii ina umri mkubwa kuliko intaneti. Katika miaka ya 1930 Reynold Johnson, mwalimu wa sekondari huko Michigan, Marekani, alibuni mashine ya kusahihisha majibu ya kuchagua. Kampuni ya IBM ikamwajiri, na mwaka 1938 ikaitoa kwa jina la IBM 805. Mashine ile ilitumia umeme: risasi ya penseli hupitisha umeme, karatasi haipitishi, kwa hiyo palipowekwa alama ya penseli pakatambulika. Ndiyo kusema mashine haikujua lolote kuhusu hesabu wala historia. Ilijua kama penseli imepita mahali fulani au haikupita. Mwanafunzi aliyebadili mawazo akafuta jibu la kwanza juujuu alikuwa hatarini kuliko asiyejua kitu. Vifaa vimebadilika mno tangu hapo, lakini swali la kwanza la mwalimu limebaki lile lile: hiki kitu kinagusa nini hasa, kisha kinaniambia kimegusa maarifa?

Alama hizi utazifanyia nini?

Walimu wengi tukitaka kuchagua programu huanza na sifa zake. Ina aina ngapi za maswali? Ni ya bure? Inafanya kazi bila mtandao? Ni maswali ya maana, ila yanakuja mapema mno. Kabla yake kuna moja: alama zikishatoka, nitaamua nini?

Mwaka 1967 Michael Scriven, mwanazuoni wa tathmini, alitenganisha tathmini za aina mbili ambazo leo kila chuo cha ualimu kinazifundisha. Tathmini endelezi hufanyika kazi ikiwa inaendelea, ili kuirekebisha. Tathmini tamati hufanyika kazi ikiisha, ili kutoa hukumu. Ukitaka kujua tu kama darasa limeelewa somo la leo ili kesho uendelee au urudie, programu yenye makosa madogo madogo haikudhuru sana, maana utakutana na wanafunzi asubuhi na uongo utajitokeza. Lakini kama alama zile zitaamua nani apande darasa na nani abaki, kila kasoro ndogo ina jina la mtoto nyuma yake. Programu ni ile ile, kosa ni lile lile, na bado kwa matumizi ya kwanza inafaa na kwa matumizi ya pili haifai.

Ndiyo maana sijibu kirahisi mwenzangu anaponiuliza, "Programu fulani ni nzuri?" Samuel Messick, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa upimaji, alilieleza jambo hili mwaka 1989 kwa namna iliyobadilisha fani nzima: uhalali haukai ndani ya mtihani, unakaa katika tafsiri tunayoipa alama na matumizi tunayozipeleka. Kwa maneno yetu ya ofisini, hakuna mtihani halali uliokaa kabatini unasubiri kutumiwa. Kuna matumizi halali na matumizi haramu ya mtihani huo huo.

Tazama michezo ya maswali, ile ya darasa zima kushindana kwenye skrini. Kahoot, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2013 kutoka Norway, ndiyo inayojulikana zaidi. Kwa mpangilio wake wa kawaida jibu sahihi lina hadi pointi 1,000, nazo hupungua kadiri sekunde zinavyokwenda, hata anayepatia muda ukiwa unaisha huambulia kama nusu. Kwa kuchangamsha darasa, safi kabisa. Ila ukizinakili zile pointi kwenye daftari la maendeleo, umechanganya vitu viwili: kujua, na wepesi wa vidole. Mwanafunzi makini anayesoma swali mara mbili anapoteza. Mwenye mtandao unaosuasua anapoteza. Msichana niliyewahi kumfundisha, ambaye hakukosa swali hata moja, alimaliza wa tisa. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, nilikosea wapi?" Sikuwa na jibu la heshima.

Kubahatisha kuna hesabu yake

Maswali ya kweli au si kweli hupendwa kwa sababu hutungwa upesi na kila programu inayasahihisha bila matata. Tufanye hesabu kidogo. Maswali kumi ya namna hiyo yanaweza kujibiwa kwa njia 1,024. Kati ya hizo, 176 zinampa mwanafunzi alama saba au zaidi. Hiyo ni karibu asilimia 17. Katika darasa la wanafunzi 40 wasiojua chochote, wanaobonyeza tu, tarajia saba hivi wapate saba kwa kumi na kuendelea. Saba! Utawapongeza, watafurahi, na hakuna aliyejifunza kitu.

Ukiweka majibu manne ya kuchagua badala ya mawili, bahati ya kufika saba kwa kumi inashuka hadi chini ya nusu ya asilimia moja. Lakini hapo pana sharti: majibu matatu ya kupotosha yawe yanapotosha kweli. Jibu ambalo hakuna hata mwanafunzi mmoja analolichagua ni pambo. Swali lenye mapambo mawili ni kweli au si kweli iliyovaa nguo ndefu.

Hapa ndipo programu nzuri inapojitofautisha na ya hivi hivi, na ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi ninapoichunguza. Simaanishi grafu za duara zenye rangi. Kila programu inazo. Natafuta mambo mawili. La kwanza, je, inanionyesha ni wangapi walichagua kila jibu, pamoja na yale yasiyo sahihi? La pili, je, inaniambia nani hao waliopata?

Chukua mfano. Wanafunzi 40 wamefanya jaribio, na swali la sita limepatiwa na 22. Kwa haraka utasema ni swali la wastani. Sasa wapange kwa alama zao za jumla, uwatenge kumi wa juu na kumi wa chini. Kama katika wale kumi wa juu tisa wamelipatia na katika kumi wa chini watatu, swali linafanya kazi yake: linawatenga wanaojua na wasiojua. Lakini ukikuta wa juu wamepata wanne na wa chini saba, simama. Swali linawaadhibu wanaojua. Mara nyingi ama umeweka jibu lisilo sahihi kwenye ufunguo wako, ama swali lina maana mbili na mwanafunzi mwenye akili ameiona ile ya pili ambayo wewe hukuiona. Wataalamu huita kipimo hiki nguvu ya kutofautisha. Moodle, mfumo huria wa kufundishia mtandaoni uliotoka Australia mwaka 2002, hukikokotoa wenyewe, pamoja na wepesi wa kila swali. Kama programu yako haina, pakua majibu kwenye lahajedwali ukokotoe mwenyewe. Ni kazi ya dakika kumi. Kama haina na wala hairuhusu kupakua majibu, mimi kwangu mjadala umeishia hapo.

Tahadhari moja: wanafunzi ishirini ni wachache na maswali matano ni machache. Tofauti kati ya aliyepata tatu na aliyepata nne katika maswali matano yaweza kuwa ni usingizi tu. Programu itaichora kwa kijani na nyekundu kana kwamba imegundua jambo.

Kiswahili kinavyovujisha majibu

Siku hizi programu nyingi zinakutungia maswali. Unabandika ukurasa wa somo, akili mnemba inakurudishia maswali ishirini kabla hujameza mate. Nimeyasoma mengi na sisemi yote ni mabaya. Ila yana ugonjwa mmoja ambao anayetunga kwa Kiingereza hawezi kuuona, nao ni upatanisho wa kisarufi. Soma hili:

"________ unafyonza maji na madini kutoka ardhini. (A) Jani (B) Tawi (C) Mzizi (D) Ua."

Huhitaji kujua biolojia hata chembe. "Unafyonza" inataka nomino ya ngeli ya U-I, na hapo ipo moja tu. Mtoto aliyelelewa na Kiswahili atachagua mzizi kwa sikio. Mwalimu wa sayansi atafurahi, kumbe amesahihisha sarufi. Dawa ni ndogo: "Sehemu ya mmea inayofyonza maji na madini kutoka ardhini ni ipi?" Sasa upatanisho unakwenda na "sehemu", na majibu yote manne yanasimama sawa. Kwa hiyo ukiijaribu programu ya kutunga maswali, usiijaribu kwa mifano iliyokuja nayo. Ipe somo lako, kwa lugha unayofundishia, kisha yasome maswali kwa sauti huku umejifanya hujui kitu. Utashangaa ni mangapi unayapatia.

Ndugu yake tatizo hili ni lile la ng'ombe wangu. Programu inayosahihisha majibu mafupi lazima iwe na mahali pa kuweka majibu mbadala, na iweze kuambiwa ipuuze herufi kubwa, nafasi zilizozidi na nukta ya mwisho. Ijaribu kwa maneno yenye ng'. Ijaribu kwa desimali ya nukta na ya mkato. Ikikataa 3,5 kwa kuwa ulikusudia 3.5, ujue mapema.

Insha nazo? Ndoto ya kuisahihisha insha kwa kompyuta ilianza zamani. Mtafiti wa elimu Ellis Page aliitangaza mwaka 1966, na mfumo wake wa mwanzo ulitegemea vitu vya juujuu vinavyohesabika, mathalani urefu. Mwaka 2014 Les Perelman, aliyekuwa mwalimu wa uandishi katika chuo cha MIT, pamoja na wanafunzi kadhaa, alitengeneza programu ya kuzalisha insha zisizo na maana yoyote lakini zilizojaa maneno mazito, akazipeleka kwa masahihisho ya mashine. Zikapata alama za juu. Mifumo ya leo ni hodari zaidi, lakini njia ya Perelman bado ni nzuri na haina gharama: andika aya ndefu, ya kiburi, isiyosema kitu, uone itapewa ngapi. Kisha andika aya fupi yenye hoja moja nzito. Ukiona ya kwanza imeishinda ya pili, mrejesho wa programu hiyo utawafundisha wanafunzi wako kupiga porojo.

Na vigunduzi vya maandishi ya akili mnemba sivitumii kumhukumu mtu. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kigunduzi chao Januari 2023 na kukiondoa Julai ya mwaka huo huo kwa sababu kilikosea mno. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kuwa vigunduzi kadhaa viliziita za mashine zaidi ya nusu ya insha zilizoandikwa na watu halisi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wanafunzi wanaoandika kwa lugha ya pili au ya tatu, hatari hiyo iko mlangoni.

Simu iliyopasuka kioo

Programu hujaribiwa kwenye kompyuta ya mwalimu, hutumiwa kwenye simu ya mwanafunzi. Nina kawaida ya kuazima simu mbovu kuliko zote nitakayoipata na kufanya jaribio zima humo. Hapo ndipo nilipowahi kugundua kuwa jibu la nne linajificha chini ya kitufe cha kuwasilisha, na darasa zima lilikuwa linachagua kati ya matatu. Zima mtandao katikati ya swali la tano, uwashe tena: majibu manne ya kwanza yapo? Muda uliendelea kuhesabika? Funga kivinjari kwa bahati mbaya, uone kama utaruhusiwa kurudi.

Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, WCAG, ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023, ina viwango ambavyo mwalimu anaweza kuvikagua bila kuwa fundi. Maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Rangi peke yake isiwe ndiyo inayobeba habari, kwa hiyo kijani cha "sahihi" kiambatane na neno au alama, maana wapo wasioitofautisha kijani na nyekundu. Picha ziwe na maelezo yanayoweza kusomwa na kisoma skrini kwa asiyeona. Pia mwalimu aweze kumwongezea muda mwanafunzi mmoja anayeuhitaji bila kuwaongezea wote, na bila jina lake kumulikwa mbele ya darasa.

Kuhusu faragha nitasema kidogo, kwa sababu kanuni yenyewe ni fupi: taarifa isiyokusanywa haiwezi kuvuja. Kama jaribio la dakika kumi linadai tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na picha, uliza kwa nini. Sheria nyingi zinawatazama watoto kwa jicho la pekee. Ile ya Umoja wa Ulaya, GDPR, inayotumika tangu Mei 2018, inaweka miaka 16 kama umri wa mtoto kujiridhia mwenyewe huduma za mtandaoni, na nchi mwanachama inaweza kushusha hadi 13. Programu ikiruhusu majina ya utani na msimbo wa darasa pasipo akaunti, kwangu hiyo ni alama ya ziada.

Kamera za kulinda mtihani zinataka mjadala mrefu zaidi kuliko huo. Zinauzwa kwa ahadi ya kukomesha wizi wa majibu, na kazi yao kubwa ni kutazama uso, macho na chumba. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti kuhusu mifumo ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa sura. Kwa wanaume weupe kosa la juu kabisa lilikuwa asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, mfumo mmoja ulifikia asilimia 34.7. Utafiti ule haukuhusu mitihani, lakini unatosha kumfanya mwalimu wa wanafunzi weusi aulize maswali kabla ya kumwamini mlinzi wa namna hiyo. Na Agosti 2022 mahakama ya shirikisho huko Ohio, Marekani, iliamua kuwa chuo kikuu kimoja cha umma kilivunja haki ya kikatiba ya mwanafunzi kwa kumtaka aoneshe chumba chake kwenye kamera kabla ya mtihani. Mimi nimekwishaamua: swali ambalo jibu lake linaibika kwa kutupa jicho pembeni, nalibadilisha swali. Benki ya maswali yenye namba zinazobadilika kwa kila mwanafunzi hufanya kazi ya kamera kumi, na haimtazami mtu chumbani kwake.

Mwisho kabisa uliza njia ya kutoka. Ukiandika maswali mia tatu ndani ya programu, je, unaweza kuondoka nayo? Kuna muundo wa pamoja unaoitwa QTI, uliobuniwa ili maswali yahame kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Hata kama hauko, faili la kawaida la maandishi linatosha. Huduma za bure zina tabia ya kubadilika usiku mmoja, na benki yako ya maswali ni jasho la miaka.

Haya yote ninayafanya kwa muda gani? Alasiri moja. Nafungua akaunti tatu za wanafunzi wa kubuni. Wa kwanza anajua kila kitu ila anaandika ovyo: herufi kubwa, nafasi mbili, nukta. Wa pili hajui kitu, anabonyeza tu. Wa tatu anajua nusu, na kila anapokosea anakosea kwa sababu ile ile moja, niliyoipanga mimi. Kisha nasoma ripoti. Wa kwanza asipopita, programu inasahihisha mwandiko. Wa pili akipita, maswali yangu ni ya bahati nasibu. Na kama ripoti haiwezi kunionyesha ile sababu moja ya wa tatu, basi imenipa namba na kuninyima habari.

Lile jaribio la ng'ombe nililisahihisha upya kwa mkono usiku ule ule. Ilinichukua robo saa. Kati ya wale 21, waliokosa kweli walikuwa watatu: mmoja aliacha wazi, na wawili waliandika "ng'ombe hizi". Hao wawili ndio niliokuwa nawatafuta tangu mwanzo, na ripoti ilikuwa imewaficha katikati ya wenzao 19.